Kwa Nini Sikubaki Tromso

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye foleni ya maji, na mmoja wenu aliniuliza msibani, mwili bado uko ndani: "Eliya, ilikuwaje?" Najua hamniulizi habari za barafu. Mnaniuliza kwa nini niko hapa kambini Dzaleka nakula nsima ya Wamalawi pamoja nanyi wakati nilikuwa nimeshafika Norwe. Kila mara nilijibu kwamba ni hadithi ndefu, nikaondoka, kisha nikakaa nyumbani nikijiuliza kama nimewaudhi. Kwa hiyo nimeamua kuiandika. Someni, halafu mjadiliane nisipokuwepo.

Mambo ya karatasi nayaruka. Itoshe kusema kwamba kuna watu wenye meli ya matanga huko kaskazini kabisa. Kila msimu wanachukua vijana wachache wa nchi mbalimbali, wanawafundisha ubaharia na kuwazungusha kwenye fiodi, yaani mikono mirefu ya bahari iliyoingia katikati ya milima. Kambini kwetu tulikubaliwa wawili: mimi na Furaha, binti wa jirani zetu Warundi, niliyemaliza naye masomo ya chuo kwa mtandao. Nafasi ni moja kwa msimu. Mimi ningetangulia, yeye angefuata. Na tuliambiwa bila kuzungushwa: wa kwanza akirudi, wa pili atakwenda. Wa kwanza asiporudi, mlango unafungwa.

Dzaleka hadi Chilinde

Hapa kwetu mtu akipanda gari na sanduku, maana yake ameitwa Kanada au Australia na hatumwoni tena. Hatuna namna ya kumuaga mtu anayekwenda na kurudi. Kwa hiyo majirani walifanya wanachokijua. Kwaya ilikuja na ngoma. Wamama walilia kwa zamu. Na mama yangu akaanza kugawa vitu vyangu, kama inavyopasa mtu anapoondoka moja kwa moja, maana anayeondoka na kila kitu chake, bila kuwaachia aliokaa nao hata kikombe, anaonekana kama mwizi aliyehama usiku. Godoro lilikwenda kwa mjane wa nyuma. Meza ya kusomea ikaenda kwa mtoto wa shemasi. Ndoo ya kuogea ilichukuliwa ikiwa bado na maji.

"Mama, niko narudi," nilimwambia. "Ni majuma machache tu."

"Nyamaza, bantu banasikia."

"Lakini godoro, mama..."

"We utalala juu ya godoro ya Bazungu. Hii utaifanyia nini?"

Furaha alisimama karibu na mlango. Hakuchukua kitu. Nilimsubiri aniombe nirudi, hata kwa mzaha, kwa sababu mtu akikuomba jambo zito unaweza kumkasirikia, na ukishamkasirikia unapumua. Hakuniomba. Alisema tu, "Safari njema, kaka Eliya," akaenda kumsaidia mama kuosha vikombe.

Mama alinisindikiza hadi barabarani, mimi juu ya kabaza na sanduku mapajani, yeye akitembea kando, na mwenye baiskeli akilazimika kukanyaga polepole ili asimwache. Pale njia panda aliniinamia sikioni.

"Sikiliza. Ukifika, ubaki. Mi nilikutoa Uvira mgongoni. Sikukutoa ili uzeekee hapa."

"Na Furaha je?"

"Furaha iko na mama yake."

Nililala Chilinde, mjini Lilongwe, kwa mama mdogo. Asubuhi alinipeleka sokoni kunitafutia koti kwenye kaunjika, zile nguo za mitumba zinazomwagwa juu ya plastiki. Muuzaji, kijana wa Kimalawi mwenye maneno mengi, alinivika koti jeusi, refu, lenye manyoya shingoni. Aliapa kwamba hata theluji ikiniona itageuka njia. Nilizunguka soko zima nikitoa jasho na kujiuliza: ni zito vya kutosha? Ni zito mno? Kwa nini vifungo viko upande wa kushoto? Mama mdogo alichoka. "Vaa tuende. Nani atakuangalia vifungo kule?"

Lilongwe hadi Tromso

Ndege ya kwanza ilinifikisha Addis Ababa salama. Ya pili ilipata hitilafu, tukaambiwa tungoje, na kungoja kukawa kurefu hadi watu wakavua viatu. Nilikaa kando ya mama mmoja wa Lilongwe aliyekuwa anaenda China kununua mapazia ya kuuza. Alifungua mfuko wake wa mandasi akanigawia bila kuniuliza jina.

"Unakwenda moja kwa moja?" aliniuliza.

"Hapana, ninarudi."

Alinitazama, akatazama sanduku, akatazama koti. "Eee," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwacha mtoto aendelee na uongo wake. "Kula mandasi, mwanangu."

Hapo nikaanza kujiuliza: kama hata mtu asiyenijua anaona kwamba sirudi, labda ninachosema siyo ninachotaka. Niliwaza hivyo angani hadi Oslo, na kutoka Oslo hadi Tromso. Nilipotoka nje ya uwanja ilikuwa mchana, lakini mchana wenyewe ulikuwa wa buluu, kama mwanga wa kabla ya jua kutoka. Nikasubiri jua litoke. Halikutoka. Baadaye niliambiwa kwamba kwa majuma kadhaa hapo haliji kabisa, na watu wanaenda kazini kama kawaida, wanasukuma watoto kwenye vigari na kununua mkate.

Tromso, kabla ya kung'oa nanga

Meli haikuwa tayari. Kamba fulani ilikuwa inabadilishwa, tukaambiwa tuwe huru kwanza. Nikiwa dukani natafuta soksi nilisikia sauti nyuma yangu: "Mama Esta, ile sabuni iko wapi?" Nusura nilie. Aliyesema alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu. Nilimsalimia kwa Kiswahili chetu, akaacha kikapu katikati ya njia.

"We ni wa wapi?"

"Dzaleka."

"Dzaleka! Mi nilikaa pale. Tulikuwa karibu na kisima kya juu." Akanikumbatia mbele ya watu wote. "Na hii koti ulipewa na nani? Hii ni koti ya bamama!"

Mkewe alinitazama kutoka shingoni hadi magotini, akafunika mdomo. Ndivyo nilivyojua habari za vifungo.

Walinichukua hadi kwao. Baba Esta anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, Mama Esta anasafisha shule. Tulikula ugali na samaki wa kukaushwa, mgumu kama ubao kabla ya kulowekwa, lakini akishaiva na nyanya anakuwa mtamu ajabu. Binti yao Esta alitujibu kwa lugha ya huko bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Baba Esta alipomaliza kula alisogeza sahani.

"Mukirudia kutoka kwa maji, nitakuwa pale kwa gati na gari. Unakuja hapa, unalala, asubuhi tunaenda polisi, unaomba kubaki, unasema ukweli wako. Njo vile. Batakuuliza, utajibu. Itachukua muda, lakini we ni mtoto ya shule, utaweza."

"Kuna mtu anayenifuata," nilisema. "Nisiporudi hataweza kuja."

"Kila mutu iko na mutu mwenye anamufuata. Na mi nilikuwa na wangu." Mama Esta aliondoa vyombo taratibu sana, na hakuunga mkono wala kupinga.

Fiodi ya Lyngen

Kapteni wetu alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Turid, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Wenzangu wote walimwita Turid, hata wadogo. Mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Mama.

"Mimi si mama wa mtu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Alikata tamaa siku ya pili.

Chumba nililala na mpishi, Mfaransa wa pwani aitwaye Loik, na kwa kuwa tulielewana Kifaransa ndiye aliyekuwa ndugu yangu wa kwanza humo. Lakini ndugu huyu nusura aniue kwa njaa. Chakula cha kwanza alinipa sahani ndogo, nikamaliza, akaja na sufuria. "Nikuongeze?" Nikasema kama tulivyolelewa: "Hapana, asante, nimeshiba." Nikangoja aniambie acha mchezo, leta sahani. Akaenda na sufuria yake. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa hakuuliza tena, alishajua kwamba Eliya anakula kidogo. Nililala nikisikia tumbo likizungumza, nikawaza namna ya kubadilisha jibu bila kuonekana mtu niliyekuwa nadanganya. Sikupata namna. Nikawa nakula shayiri kavu kutoka kwenye mfuko wa stoo, nikigeukia ukuta.

Kazi ilikuwa zamu: unakaa juu ya sitaha, unakazia macho maji, unagonga barafu kwenye kamba kwa nyundo ya mbao, unashuka, unajaribu kulala, unaitwa tena. Unafungwa mkanda kifuani, na mkanda unafungwa kwenye waya wa meli, ili ukiteleza usiende. Baridi ya kule haianzi mwilini. Inaanza kwenye meno ukitabasamu.

Tulipoingia fiodi ya Lyngen milima ilikuwa imesimama ndani ya maji pande zote, mirefu, myeupe, bila kiwanja hata kidogo cha kuweka mguu. Turid aliniuliza kama ninaogopa. Nilimwambia sijui. Ukweli ni kwamba nilikuwa namfikiria mama. Ameniambia mara nyingi kwamba Uvira iko hivyo, mlima unashuka, ziwa linangoja, na mji umebanwa katikati. Mimi nilitoka mdogo, sikumbuki. Nilisimama pale Norwe nikajaribu kukumbuka kwetu kwa kutazama milima ya watu.

Zile taa za kaskazini mnazoniuliza niliziona jioni mapema, watu wakiwa bado wanakula chini. Kwanza ilikuwa kama moshi wa kijani juu ya kilele. Halafu ule moshi ukajikunjua, ukawa pazia, pazia likatikisika, ukingo wake ukawa waridi, na mbingu yote ikawa inatembea bila sauti hata ndogo. Ninyi mnanifahamu na mnalifahamu kanisa tulilokulia. Nilidhani ni unyakuo. Nilidhani Bwana amerudi, nami niko kwenye meli, nimevaa mkanda, nimeachwa. Nikajifungua haraka, nikashuka ngazi kuangalia kama wenzangu bado wapo. Loik alikuwa anakatakata vitunguu. Nikapata nafuu. Kisha nikawaza kwamba Loik si kipimo, maana hasali. Nikakimbilia chumbani kwa binti mmoja wa Ufilipino aliyekuwa anasali kila asubuhi. Alikuwa anachana nywele.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna," nilisema. "Nilitaka kujua kama upo."

Turid alinigombeza vikali kwa kufungua mkanda na kuacha zamu. Halafu akanipeleka juu, akanishika bega, tukatazama pamoja. "Usizipungie mkono," aliniambia. "Bibi yangu alisema zitakuchukua." Sikujua kama anatania. Niliweka mikono mfukoni.

Skjervoy, tukingoja upepo

Karibu na kisiwa cha Skjervoy tuliona nyangumi wakifuata samaki, migongo myeusi ikitokea na kuzama, na pumzi zao zikinuka kama gati la zamani. Halafu upepo ukawa mbaya, tukafunga meli bandarini kungoja. Siku zikapita. Meli iliyofungwa ni mahali pabaya kwa mtu kama mimi. Hakuna zamu ya kweli, hakuna kamba ya kuvuta, kuna kichwa tu.

Mama alinitumia ujumbe wa sauti. "Eliya, umenyamaza sana. Mjane anakushukuru kwa godoro. Mi nimepangisha chumba chako kwa fundi wa cherehani. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa huku." Nilisikiliza mara nyingi. Chumba hakipo. Godoro halipo. Nikaenda kusimama kwenye ukingo wa meli nikitazama maji, kwa sababu ndipo ninapowaza vizuri, na nikiwa hapo nikaamua: nitabaki. Baba Esta atakuwa gatini, nitaingia garini, basi. Furaha atanielewa.

Sasa, mtu akishaamua kuondoka moja kwa moja, anafanya nini? Nilifanya tunachofanya. Sikutaka kuwaacha watu waliokula nami bila kuwapa kitu, nionekane nimetoroka. Shati langu la kitenge nilimpa Loik. Yule binti wa Ufilipino nilimpa redio yangu ndogo. Mkanda wa suruali, tochi, kalamu nzuri niliyopewa siku ya mahafali, vyote nikavigawa, na kila mmoja nilimshika mkono kwa mikono miwili nikamwambia, "Asante kwa yote. Unikumbuke." Loik alishika lile shati akanitazama muda mrefu. Nilidhani ameguswa.

Kuanzia hapo mambo yakawa ya ajabu. Nikienda chooni, Loik anasimama mlangoni akiimba. Nikipanda kwenye sitaha, kuna mtu anapanda pia, ghafla naye anapenda hewa. Visu vya jikoni viliondoka mahali pake. Turid akaniondoa kwenye zamu, akasema nipumzike. Nikaelewa: wamejua. Wamejua nataka kubaki, wananilinda nisikimbilie mjini. Nikaanza kuona aibu hata kumeza mate. Mtu anakupa meli yake, nawe unapanga kumtoroka.

Mchana wa tatu wa mambo hayo Turid aliniita kwenye chumba cha usukani akafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Eliya, nimeona unachopanga. Usinifiche."

"Naomba msamaha, Mama."

"Usiombe msamaha. Niambie tu, umeanza kuwaza hivi lini?"

"Tangu nyumbani."

Alifumba macho. "Na mama yako? Anajua?"

"Ndiye anayetaka."

"Mama yako anataka?"

"Na majirani. Wameshagawana vitu vyangu. Kwaya pia ilikuja."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia kwamba kwetu tunakula watu. Alikaa chini. Akasema taratibu sana, kama mtu anayemkaribia mbuzi aliye kando ya shimo, "Na ulitaka kufanyia wapi? Hapa majini?"

"Hapana, Tromso. Kwa polisi."

"Kwa polisi?"

"Baba Esta atanipeleka na gari lake."

Nje kamba zilikuwa zinagonga mlingoti. Kisha akaniuliza swali moja baada ya lingine, nikajibu, na nikaona uso wake unabadilika hatua kwa hatua, hadi alipojifunika kwa mikono ile mikubwa. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, halafu ni kweli, alikuwa analia.

Ndipo alinieleza. Kwao kijana asiyelala, asiyekula, anayesimama kando ya maji peke yake, kisha siku moja anawagawia watu vitu vyake na kuwaambia wamkumbuke, huyo anaaga, anataka kujiua. Kila kapteni anafundishwa kuzitambua dalili hizo. Walikuwa wanalinda roho yangu. Loik alikuwa analala na kamba imefungwa kutoka kwenye kitanda changu hadi mkononi mwake, ili nikiamka aamke.

"Na mbona huli?" aliuliza.

"Ninakula, Mama. Ila hamnisihi."

Nililazimika kueleza na hilo. Alifungua mlango akapaza sauti, na Loik akaja na sufuria nzima, akaiweka mapajani mwangu, akanitukana kwa Kifaransa kuanzia mwanzo wa fiodi hadi mwisho wake. "Imbécile! Nilikuwa namwaga chakula baharini!" Nilikula hadi nikatoa jasho, wao wawili wakinitazama.

Nilipomaliza Turid alisema, "Kubaki si uhalifu. Sitakufunga kamba, sitaita mtu. Ukishuka Tromso ukaingia kwenye gari la rafiki yako, nitakupungia mkono na nitakutakia mema kwa moyo wote. Lakini kuhusu msichana anayekufuata sitakudanganya. Nilikubali sharti lile kwa sababu bila hilo nisingepata hata nafasi yako. Usiporudi, sina la kuwaambia wanaotoa viza."

Nilitamani anikataze. Kila mtu katika safari hii aliniachia njia wazi, na ndiyo iliyonitesa.

Kurudi Tromso

Upepo ulitulia, tukarudi. Turid alinirudisha kwenye zamu, akanipa usukani jioni tulipopita kati ya visiwa. Taa zilikuwepo tena, hafifu, upande mmoja tu wa mbingu, nami sikuzitazama sana. Nilikuwa nazungusha maneno kama kawaida yangu. Nikibaki, nitajiuliza kila siku kuhusu Furaha. Nikirudi, nitajiuliza kila siku kuhusu kubaki. Hakuna upande wenye usingizi. Lakini swali la pili litanisumbua mimi peke yangu, na la kwanza litamsumbua mtu ambaye hakuulizwa. Nilitafuta kasoro katika hesabu hiyo hadi mikono ikauma. Ningependa kuwaambia kwamba nilijisikia shujaa. Nilijisikia kama mtu aliyeshindwa kupata kisingizio.

Baba Esta alikuwa gatini, gari likinguruma, mlango wa mbele umefunguliwa. Nilimwambia nikiwa nimesimama kwenye theluji.

"We iko mujinga," alisema. Alisema tena, kwa sauti ya chini. "Mujinga kabisa. Unajua bangapi banakufa njiani wakitafuta hapa pahali umesimama?"

"Najua, baba."

"Hapana. Haujui." Akafunga mlango wa gari, akaenda kusimama mbali akitugeuzia mgongo. Mama Esta ndiye aliyeshuka. Alinipa samaki wawili wakavu, wamefungwa kwenye gazeti, wa kumpelekea mama yangu. Kisha akaninong'oneza jambo ambalo hakulisema mbele ya mumewe: yule aliyekuwa anamfuata Baba Esta alikuwa mdogo wake, na bado yuko kambini kwingine, na hawazungumzi.

Dzaleka

Sehemu hii mliiona wenyewe. Nilishuka na sanduku, watoto wakakimbia kutangaza, na kabla sijafika nyumbani habari zilishafika: bamemufukuza. Wengine walisema nimeiba. Wengine kwamba nina ugonjwa. Mjane alirudisha godoro akilibeba kichwani, akiwa na aibu kana kwamba ni yeye aliyeniponza, nami nikamsihi abaki nalo, tukavutana mlangoni hadi fundi cherehani akatoka chumbani mwangu kuamua ugomvi.

Mama hakunisalimia. Alichukua samaki, akawaloweka, akawapika, akanipa sahani, akakaa nje na kunigeuzia mgongo. Ilikuwa hivyo kwa siku nyingi. Jioni moja aliongea akiwa anapepeta unga.

"Walikufukuza?"

"Hapana, mama."

"Walikukataza kubaki?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ni we mwenyewe."

"Ni mimi."

Akaendelea kupepeta. "Kama walikufukuza ningelia," alisema. "Sasa sijui nifanye nini." Mpaka leo hajanieleza ameamua kufanya nini. Lakini nimeanza kumsikia akiwajibu majirani wanaposema nimefukuzwa. Anawajibu kwa ukali, na kwa fahari inayomkera yeye mwenyewe.

Furaha anaondoka Jumamosi. Kwao kwaya imeshakuja, na mama yake amemnong'oneza yale yale, najua, maana nilimwona ameinamia sikio lake. Jana Furaha alinikuta natengeneza paa, akaniita chini.

"Kaka Eliya, ukweli. Nikifika kule, nirudi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu Skjervoy. Nilikuwa na majibu mengi. Nilimwambia avae soksi mbili na asikatae chakula.

"Sikukuuliza soksi."

"Najua. Hilo lingine siwezi kukusemea. Mimi hakuna aliyenisemea."

Alikasirika. Akafungua mdomo kunijibu, lakini hapo alipita Dieudonné, yule kijana wa sehemu ya chini ambaye majuzi ameambiwa kwamba msimu wa baada ya Furaha ni wake, Furaha akirudi. Alikuwa amebeba ndoo mbili za maji, na ndoo zote mbili zilikuwa za akina Furaha. Alitusalimia kwa heshima, akaendelea hadi kwenye mlango wa mama yake Furaha, akazitua polepole zisimwagike, akafuta mikono kwenye suruali na kwenda zake. Hakuomba kitu.

Furaha alimsindikiza kwa macho hadi alipopotea nyuma ya kanisa.

"Nani alimutuma?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Basi mwambie asinichotee tena maji," alisema, na sauti yake ilikuwa na hofu ambayo naifahamu. "Mwambie, kaka. Mwambie leo."